Mlango, taa na baraza: duka linavyomkaribisha mteja na linavyomfukuza

(Hotuba kwa wenye maduka, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mabwana na mabibi, ndugu zangu wenye maduka wa Chake, wa Wete, wa Mkoani, na nyinyi mliotoka Konde na mapema, ahsanteni kwa kuniita. Niliombwa nije nizungumze namna ya kuvutia wateja. Mtaniwia radhi, mada hiyo nitaigeuza ubavu. Wa kukuuzieni vitu vya kuvutia wateja wapo tele. Atakuja kijana akuuzie bango la rangi, mwengine taa za kumetameta, mwengine spika. Mimi leo nataka tutazame kinachomfukuza. Maduka mengi niyajuayo, mteja ameshafika. Yuko mlangoni, pesa kazifunga kwenye pembe ya kanga, na bado anaondoka hakununua, au ananunua kile kimoja alichokifuata na kwenda zake mbio.

Najua kuna atakayenambia wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali ni njema, lakini aliyeitunga hakuwahi kuuza kanga chini ya taa ya tyubu.

Mimi ni mwalimu wa somo la biashara, ila kabla ya skuli nimelelewa dukani. Mama yangu mkubwa alikuwa na duka la kanga Mchangani, mjini Unguja, duka la uchochoroni ambalo watu watatu wakiingia wa nne anasubiri nje. Mteja akija, doti inachomolewa kwenye rafu, inapigwa mara moja juu ya kaunta, inakunjuka yote: pindo, mji, na jina linasomwa kwa sauti. Jina ndilo linalouza nusu ya kanga, hilo hamhitaji mwalimu kukuambieni. Mteja anaifikicha kwa vidole ajue ni pamba au ni wanga mtupu. Halafu anaibeba doti ile, anatoka nayo mpaka kizingitini, anaitandaza kwenye mwangaza wa jua, anaitazama hivi, anaigeuza, anarudi nayo ndani.

Karibu kila mteja akifanya hivyo. Mama mkubwa akiudhika, akidhani watu wanaishuku mali yake. Wao wakiishuku taa yake. Taa ile ya bei rahisi hula rangi: nyekundu ikaonekana kama kahawia, samawati na zambarau zikashindwa kujulikana ipi ni ipi. Mwanamke anayenunua kanga ya kupelekea harusini hawezi kubahatisha. Na akishafika mlangoni na doti mkononi, macho yake yanaona duka la jirani. Wengine hawakurudi na mazungumzo, walirudi kuiweka doti tu. Mama mkubwa alipoihamisha meza ya kukunjulia akaiweka karibu na mlango, jua likawa linaingia mpaka juu ya meza, safari zile zikaisha. Mteja akabaki ndani, akikunjuliwa ya pili na ya tatu. Mama mkubwa hakununua kitu wala hakupunguza bei. Aliondoa tu sababu ya mtu kutoka nje.

Jambo hili limeandikiwa sana na wasomi. Mwaka 1973 Philip Kotler, profesa wa masoko huko Marekani, aliandika kwamba mtu hanunui bidhaa peke yake, hununua pamoja na pahala inapouzwa, na mara nyengine pahala ndipo panapoamua kuliko bidhaa yenyewe. Mwaka uliofuata wanasaikolojia wawili, Albert Mehrabian na James Russell, wakaeleza njia yake: pahala humtia mtu hali fulani moyoni, na hali hiyo ndiyo humfanya asogee au akimbie. Hali zenyewe walizitaja tatu: kuona raha, kuchangamka, na kujihisi kwamba hapa nina uwezo, nafanya nipendalo. Robert Donovan na John Rossiter walipokwenda kulipima hilo madukani mwaka 1982 waliona raha na mchangamko ndivyo vyenye nguvu, hilo la tatu halikuonekana kuwa na uzito. Wao walipima maduka yao. Kwa maduka yetu mimi nabisha. Nadhani hilo la tatu ndilo linalotuondolea wateja kuliko yote, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo itakuwa juu yake.

Anzeni na nondo. Maduka mengi ya mitaani, hapa Pemba na kule Unguja, mbele yamepigwa nondo na wavu, na kuna tundu la kupitishia mkono. Sababu naijua: wizi, na muuzaji ni kijana mmoja tu ambaye mara anakwenda kuswali, mara anakula. Siwaambii mzing'oe. Lakini jueni kwamba nondo zile zinamchagulia mteja. Aliyesimama nyuma ya nondo hununua kwa kutaja: nipe sukari nusu, nipe sabuni ya mche, nipe chumvi. Asichokijua jina hakitaji. Umeleta maziwa ya unga ya aina mpya, umeyaweka rafu ya juu kabisa nyuma ya mgongo wako, na kiroba cha mchele umekisimamisha mbele yake. Nani atakuuliza?

Huko Marekani nako duka la vyakula lilikuwa hivyo hivyo. Mteja upande huu, mali upande ule, karani katikati na daftari lake. Mwaka 1916 Clarence Saunders akafungua duka mjini Memphis akaliita Piggly Wiggly, akampa mteja kikapu na kumwachia apite mwenyewe baina ya rafu mpaka kwa mshika fedha. Lengo lake la kwanza lilikuwa kupunguza makarani. Lakini mteja akapata kitu ambacho hakuwa nacho: kushika. Joann Peck na Suzanne Shu, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009, walionesha kwamba mtu akishakitia kitu mkononi huanza kukiona kama chake, na akakikadiria thamani kubwa zaidi kuliko asiyekigusa. Mama anayeuza embe sokoni, au hapo nje, hajasoma utafiti huo, lakini mtazameni: kabla hamjasalimiana embe imeshafika mkononi mwako.

Na kikapu nacho ni jambo. Mikono ikijaa, mteja huelekea kulipa, hata kama alikuwa na haja ya vitu vitatu zaidi. Sylvan Goldman, mwenye maduka Oklahoma, alipotoa kigari cha kusukuma mwaka 1937, watu walikikataa. Wanaume waliona kinawadhalilisha, wanawake wakasema tumeshasukuma vya watoto vya kutosha. Ikabidi aajiri watu wazunguke dukani wakisukuma vigari kana kwamba ni wateja. Sisi vigari hatuvihitaji, njia zetu hazina hata upana huo. Lakini pakacha au kikapu cha ukindu kikining'inia ndani ya duka, si kimoja mlangoni bali vitatu vinne pale katikati ambapo mikono huanza kujaa, hakikugharimu kitu na aliyekisuka ni mtu wa hapa hapa.

Wenye nondo, basi angalau fanyeni hivi: rafu nyembamba upande wa ndani wa wavu, usawa wa kifua cha mteja, na vitu vipya vipangwe hapo vikiwa vimeandikwa bei. Bei iandikwe. Najua tunapenda kupatana, na kupatana kuna utamu wake. Lakini wapo wanaoona haya kuuliza, kwa sababu akishauliza ikamshinda ataondoka vipi, mbele za watu? Huyo ni kijana, ni mgeni, ni mama mwenye elfu tatu tu mkononi na hataki mtu ajue. Wote hao wanaona hakuna bei, wanapita. Hamtakaa mjue kwamba walipita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazee wangu wa kiume hawatalipenda, na naomba mnivumilie.

Yupo Mmarekani mmoja, Paco Underhill, aliyeifanya kazi ya kutega kamera madukani na kutuma watu wakae wakiandika nyendo za wateja. Anasimulia duka la Bloomingdale's la New York, ambako tai zilitundikwa karibu na mlango mkubwa, pahala penye kupita watu wengi. Mwenye duka akidhani hapo ndipo penye bahati. Kamera zikaonesha mteja anasimama, anazitazama tai, anaguswa kwa nyuma na mpita njia, anaguswa tena, anaziacha anakwenda zake. Hata aliyekuwa na nia. Tai zilipohamishwa kwenye utulivu, mauzo yakapanda. Na hiyo ni New York, ambako watu hubanana kwenye treni asubuhi na jioni.

Sasa mchukueni mwanamke wa Kipemba. Buibui lake, mtoto kiunoni, mfuko mkono wa pili. Anataka kuingia duka lako. Mlango una upana wa mtu mmoja na robo. Nguo umezitundika kuanzia juu ya mlango mpaka zinagusa vichwa. Chini umepanga ndoo na mabeseni. Na kulia na kushoto, kwenye baraza, wamekaa wanaume watano, miguu wameinyoosha, wanacheza bao.

Baraza mimi nalipenda. Lina kivuli, lina kahawa, lina habari za mjini kabla ya redio. Yule Victor Gruen, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna aliyejenga Southdale kule Minnesota mwaka 1956, jengo la maduka lililofunikwa lote kwa sababu ya baridi ya kule, nia yake ilikuwa watu wapate pahala pa kutembea, kukaa na kuonana, kama viwanja vya miji ya kwao. Waliomuiga walichukua maduka wakaacha ukaaji, na uzeeni mwenyewe aliwakana. Alichokuwa akikitafuta kwa jengo zima, sisi tunacho mlangoni kwa mifuko michache ya saruji. Hiyo ni neema.

Lakini neema ya nani? Binti amekuja kununua sidiria. Au pedi. Au dawa ya mtoto anayeharisha, jambo ambalo hataki mtaa mzima uulize hali. Kabla hajaifika kaunta ana shikamoo tano za kutoa, na kila aliyezipokea anajua yeye ni binti wa nani na anaolewa lini. Akiomba kitu lazima apaze sauti, maana muuzaji naye yuko nusu dukani nusu kwenye bao. Atafanya nini? Ataomba pakiti ya chumvi. Atarudi nyumbani, atafungua simu, atamwandikia mwanamke mwenzake anayeuza nguo kwenye WhatsApp, ataletewa mlangoni ndani ya mfuko mweusi.

(Msicheke peke yenu, mabibi, wacheni na mabwana nao wacheke.)

Mnalalamika kwamba biashara ya nguo za wanawake imehamia kwenye simu. Sehemu yake ni bei, sikatai. Sehemu nyengine ni miguu ile mitano iliyonyooshwa mlangoni. Kule kwenye simu mtu huona raha, haulizwi, hatazamwi, akikataa kitu anakaa kimya tu. Hilo ndilo lile la tatu nililosema, la kujihisi una uwezo. Wasomi wa mwaka 1982 hawakupata kuliona baraza la Chake.

Simwambii mtu awafukuze wazee barazani. Haifai, na wengine wao ndio wenye nyumba. Lisogezeni baraza, lisikabili mlango. Likiwa upande wa kivuli wa ukuta, hatua chache kutoka mlangoni, wao wanabaki na bao lao na mlango unabaki wa wateja. Kama duka lina kina, vitu vya kike viwe ndani kabisa, nyuma ya pazia jepesi, na awepo muuzaji wa kike hata kwa saa za asubuhi tu, na watu waambiwe ni saa ngapi. Wekeni na benchi ndani. Mwanamke akipata pahala pa kumketisha mtoto, mikono yake inakuwa huru, na mikono huru ndiyo inayokunjua na kupima. Maduka ya zamani ya nguo yalikuwa na benchi hilo, na mteja akiletewa maji. Sijui tulilitoa kwa nini. Nadhani tulihitaji pahala pa kuweka mabeseni.

Joto nalo nilitaje, ingawa mnalijua kwa ngozi zenu. Tangu waya wa umeme wa chini ya bahari ufike Pemba kutoka Tanga mwaka 2010, feni na mafriza yamejaa madukani. Vizuri. Lakini nimelitazama feni katika maduka kadhaa: linampulizia nani? Linampulizia mwenye duka. Mteja amesimama upande wa pili wa kaunta, juu yake bati bila ya dari, na kando yake friza la soda ambalo mashine yake inamtolea hewa ya moto miguuni. Wakati wa kaskazi mtu huyo hawezi kukaa akachagua. Atanunua soda aondoke, na wewe utasema wateja wa siku hizi hawana subira. Ligeuzeni feni. Friza mligeuze mgongo ukutani, liachiwe nafasi ya kupumua, mbali na anaposimama mtu. Mmemaliza, na hamkutoa hata shilingi.

Muziki. Hapa ndipo wauza spika wanapokushikeni, kwa hiyo nitasema kinachojulikana. Ronald Milliman alijaribu katika duka kubwa la vyakula Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 1982: siku za muziki wa mwendo wa polepole wateja walitembea taratibu zaidi, na mauzo yalikuwa juu kwa kiasi cha asilimia 38 kuliko siku za muziki wa haraka. Akaja akapima mkahawani, 1986: muziki wa polepole, watu walikaa wastani wa dakika 56, wa haraka, dakika 45. Chakula walikula kile kile, vinywaji ndivyo vilivyoongezeka. Na Adrian North na wenzake, huko Uingereza, 1997, walipiga muziki wa Kifaransa siku moja na wa Kijerumani siku ya pili mbele ya rafu ya mvinyo. Mnisamehe kwa mfano wenyewe, sikuuchagua mimi. Siku za Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa na 8 za Ujerumani. Siku za Kijerumani ikawa 22 za Ujerumani na 12 za Ufaransa. Walipoulizwa, wengi walisema muziki haukuwa sababu.

Nimezisoma hizo nami zikanivutia. Lakini msikimbilie kununua spika. Mteja wa Chake ana gari ya kurudia. Ametoka shamba, ana shughuli nne mjini, na gari ya Konde haimngoji mtu. Huyo ukimpigia polepole hatembei polepole, anakasirika tu. Na msimu wa karafuu, mtu ameshapokea pesa zake, anataka mabati na misumari na nguo za watoto vyote kabla ya adhuhuri. Kumhudumia haraka ndiyo raha yake. Muziki wa kumtuliza mtu unafaa pahala ambapo mtu amekuja kutulia: mkahawani, duka la manukato, duka la vitambaa vya harusi. Pengine pote, swali ni moja: mteja anamsikia muuzaji? Maduka ya simu na vifaa vyake yamegeuza spika kuangalia barabarani, na ndani mteja anauliza bei mara tatu. Mara ya nne haulizi. Kisomo cha Qur'ani cha asubuhi kwa sauti ya chini, ambacho maduka yetu mengi hufungulia nacho, kinamwacha mtu azungumze. Hilo mlilipata bila ya Milliman.

Harufu ni hivyo hivyo, haifanyi kazi peke yake. Mwaka 2005 Eric Spangenberg na wenzake walionesha kwamba harufu ya Krismasi dukani ilisaidia pale tu ilipokwenda pamoja na muziki wa Krismasi. Harufu ile bila ya muziki wake haikumfaa mwenye duka. Kwa hiyo chetezo cha udi kwenye duka la nguo siku za mwisho za Ramadhani, hapo kila kitu kinakubaliana: mtu anainusa sikukuu kabla haijafika. Chetezo hicho hicho kwenye duka linalouza dagaa, sote tunajua kinachotokea. Na kabla ya kufukiza, toeni kinachonuka. Mafuta ya taa na unga visikae rafu moja. Nimenunua unga wa ngano uliotufanya nyumbani tumwage chapati, na duka lile sikurudi, wala sikumwambia mwenyewe. Nani huwa anamwambia?

Kuhusu wingi wa bidhaa nitasema kidogo, kwa sababu wasomi wenyewe wamegongana. Sheena Iyengar na Mark Lepper, mwaka 2000, waliweka meza ya jemu dukani California. Meza ya aina 24 ilisimamisha watu wengi zaidi kuliko ya aina 6, lakini kati ya waliosimama walionunua walikuwa kiasi cha asilimia 3, na kwenye aina 6 walikuwa asilimia 30. Watu wakafurahi: mchagua nazi hupata koroma, si ndiyo? Miaka kumi baadaye Benjamin Scheibehenne na wenzake wakakusanya majaribio mengi ya namna hiyo, wakaona kwamba kwa wastani athari inakaribia sifuri. Baadhi ya watu wingi huwachosha, baadhi huwapendeza. Ninavyoelewa mimi, mtu anayejua anachokitaka hachoshwi na wingi. Mama anayetaka kanga ya kisutu, mletee vitambaa mia, kisutu atakiona. Anayechoka ni yule asiyejua: mwanamume aliyetumwa. Huyo mtolee tatu. Na katika maduka yetu hasara kubwa ya wingi haiko kwenye akili ya mteja hata kidogo, iko mlangoni. Zile gauni za watoto za sikukuu mnazozitundika nje mpaka mlango unazibwa zimefunika taa, zimefunika hewa, na zimefunika duka. Anayepita hajui ndani mna nini zaidi ya gauni.

Na kuta zenu mzisome siku moja kama mgeni. "Kukopa harusi, kulipa matanga." "Leo fedha, kesho mkopo." "Usiguse." "Mali ikishauzwa hairejeshwi." "Mtoto hakopeshwi." Mtu anasimama pale akisubiri chenji anasoma makatazo matano, hakuna mstari mmoja wa kumkaribisha. Wakopaji sugu, kwa ninavyowajua, hawasomi.

Nimebakiwa na moja, na hili si la kuongeza mauzo.

Haya yote niliyoyasema yana upande wa pili. Ukishajua kwamba taa hubadilisha rangi, unaweza kuitumia taa kumwonesha mtu kanga ilivyo, au kumficha. Nendeni soko lolote, mtaona turubai jekundu juu ya meza ya nyanya, na taa nyekundu juu ya nyama. Nyanya ya jana inakuwa ya leo. Mnunuzi akifika nyumbani, rangi haipo. Kuna tofauti baina ya kumwekea mteja benchi na kumwekea turubai jekundu, na kila aliyemo humu ndani anaijua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenyewe, nini hiki? Akasema, mvua imeinyeshea. Akamwambia, mbona hukuuweka juu watu wakauona? Mwenye kughushi si katika mimi. Mnaijua hadithi hii tangu chuo cha Qur'ani, mimi sikuja kukufundisheni dini. Nasema tu kwamba kile alichokikosoa pale kilikuwa ni mpango wa meza: kipi kiwekwe juu, kipi chini.

Serikali nyengine zimeshaanza kuingilia mpango huo wa meza. Uingereza, tangu Oktoba 2022, maduka makubwa yamekatazwa kuweka vyakula vya sukari na mafuta mengi kwenye milango, ncha za rafu na pale pa kulipia, kwa sababu pale mtoto anangoja na mama amechoka. Sisi sheria hiyo hatuna. Peremende na juisi za unga ziko usawa wa macho ya mtoto wa miaka minne, mbele kabisa, na hazikufika pale kwa bahati mbaya. Kila mmoja wenu ana mtoto au mjukuu anayetumwa dukani. Duka la jirani yako ndilo analokwenda, na lako ndilo wanakokwenda wa jirani.

Kesho, kabla hamjafungua, kazi niliyowapangia ni hii. Kila mwenye duka amwombe mkewe, dada yake au binti yake, asiyefanya kazi dukani, aje kama mteja, na mtoto kiunoni na mfuko mkononi, akanunue kitu anachokionea haya. Mwenye duka asiseme kitu. Aandike tu aliposimama, alipopinda, alipoguswa, alipopaza sauti, na alichokiacha bila ya kukiuliza. Wenye maduka wa kike mwombeni kaka atumwe kununua sidiria ya mkewe. Hilo nalo lina faida yake.

Sasa maswali. Nimeona mkono wa Bi mkubwa pale karibu na dirisha tangu nilipotaja baraza, na mabwana watatu nyuma yake. Tuanze na Bi mkubwa.